Kitufe Nilichomfundisha Bosi

Siku hizi watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani Mtwara, nasema nilikuwa kwenye utafiti wa dawa, na wengi hudhani nilikuwa nachanganya dawa kwenye chupa. Nawaacha wadhani hivyo. Kueleza ukweli kunachosha. Kwa miaka minne nilikaa kwenye chumba chenye feni moja, nikiandika hesabu za jinsi dawa inavyoingia kwenye damu ya mtu na jinsi inavyotoka, na nusu ya miaka hiyo niliimaliza nikizibembeleza programu tatu za kompyuta ambazo hazikutaka kujuana.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Ofisi ilikuwa Chikongola, juu ya duka la ndoo na mabeseni, na mimi nilikaa Chuno na mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilikuwa nimesomea ufamasia Dar es Salaam, nikapelekwa kozi ya wiki nane ya hizo hesabu, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa. Mtu mkubwa mwenyewe alipandisha maji ya chooni kwa ndoo kila asubuhi, kwa sababu bomba la ofisi lilitoa hewa tu.

Utafiti ulikuwa wa TB. Wagonjwa walitoka kwenye zahanati kadhaa za wilaya, na kila mmoja alitakiwa kwenda kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya nesi, tumbo likiwa tupu. Siku moja iliyopangwa alitolewa damu mara mbili, damu ikapelekwa maabara ya mbali, na miezi mitatu baadaye namba zikanifikia mimi. Swali lilikuwa moja: dozi wanayopewa watu wa huku inawatosha, au dawa inapita mwilini haraka kabla haijafanya kazi yake?

Sasa hizo programu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuandikia, maandishi matupu yasiyo na urembo, na humo niliandika modeli, yaani maelekezo ya hesabu mstari kwa mstari. Ya pili ndiyo iliyopiga hesabu. Ilikuwa kongwe, ilizaliwa kabla sijaanza shule, na ilikaa kwenye dirisha jeusi ambalo halikujua kipanya ni nini. Ukiacha nafasi mahali pasipotakiwa ilisusia kazi nzima na kutema kurasa kumi za malalamiko. Ya tatu ilichora grafu za uchunguzi: tulichokipima kwenye damu kwa upande mmoja, modeli ilichokitabiri kwa upande mwingine, na mstari wa mshazari katikati. Modeli ikiwa nzuri, nukta huuzunguka mstari. Ikiwa mbaya, nukta hukaa upande mmoja zinakutazama.

Kila mara nilipobadilisha neno moja ilibidi nihifadhi faili, nifungue dirisha jeusi, niandike jina la faili upya, nisubiri, nisome malalamiko, nitafute mstari wenye kosa kwa kuhesabu na kidole kwenye skrini, nirudi kuandika. Ikikubali, nilikwenda kwenye programu ya tatu na kuiandikia tena majina yale yale. Mara ishirini kwa siku, na umeme ukikatika mara tatu katikati. Lile boksi la kuhifadhi umeme lilikuwa linalia dakika nne halafu linazima, na mimi nalia nalo. Sina subira, sijawahi kuwa nayo, na mashine zilinijua. Siku moja niliirusha mashine ya kubania karatasi ikatoboa kalenda.

Nadhani ndiyo siku hiyo nilipoamua kuziunganisha. Hakuna aliyenituma. Ile programu ya kuandikia ilikuwa na mlango wa nyuma: ungeweza kuifundisha kazi mpya kwa maandishi yake yenyewe. Nikakaa na kitabu cha maelekezo kilichochapishwa nusu, maana wino uliisha, nikajifunza. Mwezi wa kwanza niliweza kuifanya ihifadhi na kuita ile kongwe bila mimi kutoka. Mwezi wa pili nilipata malalamiko yaje chini ya maandishi yangu, na nikibonyeza lalamiko, linanipeleka kwenye mstari wenye kosa. Mwezi wa nne grafu zilijichora zenyewe. Yote kwa kitufe kimoja cha safu ya juu ya kibodi, ambacho niligundishia kipande cha plasta ya kidonda ili nisikikosee.

Nilifurahi kama mtu aliyepata choo cha ndani. Wenzangu wawili, waliokuwa wakiingiza fomu kwenye chumba cha pili, walikuja kuangalia, wakasema kumbe nilikuwa nafanya kazi, wao walidhani nagombana na mume kwa simu. Sikuwa na mume wakati ule.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi. Kwenye faili la modeli unaweza kuacha maelezo ambayo ile kongwe haiyasomi, inayaruka tu. Kwenye kozi walitusisitiza tuandike humo sababu ya kila badiliko, maana ukibadilisha namba bila kutoa sababu, kesho utaitwa mpishi wa takwimu. Basi nikakifundisha kitufe kikusanye maelezo yote na kuyapanga kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti, ili kila matokeo yaje na sababu zake. Tatizo ni kwamba mimi humo niliandika kila kitu. Nilitukana umeme. Niliandika kwamba kichwa kinauma, kwamba nisisahau dawa ya kuchua ya mama. Kwa hiyo kabla ya kuchapa ripoti nilipitia ukurasa wa mbele kwa mkono na kufuta yangu, nikaacha ya kazi. Ilikuwa dakika mbili, na sikuwahi kusahau.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata zilikuja namba za kijiji kimoja cha bonde la Ruvuma, mbele ya Mahurunga. Jina lake nitaliacha. Nikabonyeza kitufe, grafu zikaja, na nukta za kijiji hicho zote zikawa chini ya mstari, zimejikusanya pale kama watu waliokatazwa kuingia.

Nilijishuku kwanza mimi, kwa sababu unapounganisha vitu vitatu kwa uzi wako mwenyewe, kila ajabu unadhani ni uzi. Kwa wiki mbili nilifumua kitufe na kukishona upya. Nikashuku saa, maana hilo ndilo kosa la kila mgeni: nesi anaandika saa mbili asubuhi, mashine inataka nane. Nikazipitia fomu moja moja. Zilikuwa sawa, wagonjwa kumi na moja, wote wamemeza saa mbili kamili asubuhi, na damu imetolewa saa nne na saa nane. Nukta zikabaki chini.

Bosi alipoziona alisisimka. Alikuwa daktari wa bara, mwungwana, mwenye haraka ya kudumu, na aliona ugunduzi. "Hawa watu wa mtoni miili yao inaisafisha dawa haraka mno," alisema. "Awamu inayokuja wapewe dozi kubwa zaidi." Nikamwomba siku tatu niende huko nikaangalie. Dawa ile ukiizidisha inagusa ini, na mimi sikuwa tayari ini la mtu liharibike kwa sababu ya grafu yangu.

Mvua ilikuwa imeanza, na gari la ofisi lilikwama mara mbili kwenye tope. Nilifika zahanati nimechafuka hadi magotini. Nesi alikuwa mmoja tu kituo kizima, mama wa Kimakonde mfupi, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na kijiji chote kilimwita dokta. Alinipa maji ya kunawa kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati, nyumba ya serikali, na tulikaa barazani kwake, mbele yetu mihogo imeanikwa kwenye mkeka na sasa inakimbizwa ndani kwa ajili ya mvua.

Nikamweleza. Nilimchorea hata ile grafu kwenye daftari, na mstari wake, na nukta chini. Aliitazama sana.

"Hizi ndiyo wagonjwa wangu?"

"Ndiyo, mama. Wote kumi na moja."

"Na hii inaonyesha nini, hawajameza?"

"Ama hawajameza, ama wamemeza saa nyingine."

Akanirudishia daftari, akaniuliza, "Mwanangu, we unafunga?"

"Nafunga, mama."

"Haya. Ile damu mlikuja kuwatoa mwezi gani?"

Nikakumbuka, na nikajiona mjinga. Damu ilitolewa katikati ya Ramadhani. Nami nilikuwa nimefunga mwezi ule wote, na niliingiza zile tarehe kwa vidole vyangu.

"Najua mgonjwa kasamehewa," alisema. "Na shehe wetu kawaambia msikitini, tena kwa ukali. Lakini mwanangu, hapa asiyefunga anajulikana kabla ya adhuhuri. Wakijua hufungi watauliza una nini, na ukiwa unakohoa, jibu wanalo. Watoto wake hawachezi tena na wenzao. Mwaka juzi nilifuata sheria yenu. Siku ya kwanza walikuja wanne. Siku ya nne hakuja mtu. Mmoja tulimzika korosho hazijaisha kuokotwa."

Kwa hiyo Ramadhani iliyofuata, ile tuliyowatoa damu, aliwapa vidonge waende navyo nyumbani, wavimeze wakati wa daku, kabla ya alfajiri. Sheria ilikataza. Kidonge kilitakiwa kimezwe mbele ya macho yake, na kiboksi cha fomu kijazwe. Lakini hakuwaachia hivi hivi. Kila asubuhi kila mmoja alipita zahanati na kichupa amekificha kwenye kikapu au chini ya kanga, na ndani ya kichupa mna mkojo. Dawa ile huugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. "Ukiwa wa chungwa namwekea alama. Ukiwa mweupe namfuata kwake, na siondoki." Alicheka. "Watu wa hapa walidhani dokta anatengeneza juisi."

Akaingia ndani akaleta daftari la shule la kurasa arobaini. Lilikuwa na safu ya alama za vichupa na pembeni, kwa kila mtu kila siku, saa aliyokula daku kama alivyosema mwenyewe. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Mmoja saa tisa, na maelezo: anaamshwa na mama mkwe. Nilikuwa nimesoma vitabu vya kigeni kuhusu namna ya kuhakikisha mgonjwa amemeza dawa, na sijawahi kuona kazi safi kama ile.

"Na kwenye fomu, mama?"

"Kwenye fomu nimejaza mlichotaka. Mmechora kiboksi cha saa mbili, nami nikaweka saa mbili. Ningeweka nini? Hakuna kiboksi cha daku."

Nikamwambia nahitaji zile saa. Bila hizo, wagonjwa wake wangeongezewa dozi wasiyoihitaji. Hakusita, alinipa daftari ninakili. Nilipomaliza alinishika mkono.

"Saa zichukue, zote. Mimi niache nje. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na nyumba hii si yangu, ni ya kituo. Lakini sisemi kwa ajili ya nyumba tu. Wakiniondoa watamleta atakayefuata kiboksi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Sitakutaja."

"Niapie."

Nikamwapia.

Kesho yake nikiwa ofisini nilibadilisha saa za kumeza za watu kumi na moja na kubonyeza kitufe. Niliona nukta zikipanda. Zilipanda zote, zikauzunguka mstari kama wengine wa Mtwara, na modeli ikasema miili ya watu wa mtoni ni miili kama ya mtu yeyote. Nilipiga makofi peke yangu. Sijawahi kuipenda kazi ile kama nilivyoipenda saa ile, na niseme tu, nililia kidogo.

Kisha nikaandika maelezo kwenye faili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kazi: saa za kumeza zimesahihishwa baada ya kufuatilia kituoni. Ungetosha. Lakini nilianza kuogopa. Nilikuwa nimebadilisha namba kumi na moja, grafu imenyooka ghafla, na ushahidi pekee ni daftari la shule lililo kwa mtu niliyeapa kumficha. Mtu akija mwaka mmoja baadaye kuuliza, nitasema nini? Nikaongeza, kwa ajili yangu mwenyewe: nesi anasema aliwapa vidonge wakameze daku nyumbani, akajaza saa mbili kwenye fomu. Saa za kweli ziko kwenye daftari lake. Nimeapa kutomtaja.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba niliandika kwa ajili ya ukweli. Niliandika kwa ajili ya ngozi yangu.

Wiki ileile bosi aliniomba jambo. Alikuwa anachoka kunisubiri kila anapotaka grafu, akasema nikifunge kitufe kwenye kompyuta yake pia. Nilijisikia fahari kupita kiasi. Nilikaa kwenye kiti chake mchana mzima, nikaunganisha vyote vitatu, nikaelekeza kitufe kwenye mafaili yangu kupitia waya wa ofisi, nikakata plasta ya pili nikaibandika. Nikamfundisha. Alibonyeza mara tano mfululizo kama mtoto mwenye kengele ya baiskeli. Sikumwambia kuhusu ukurasa wa mbele. Haikunijia kabisa. Ile kazi ya kufuta ilikuwa kwenye mikono yangu, haikuwa kwenye kitufe, na mtu hakumbuki kufundisha kile ambacho mikono yake hufanya bila kumuuliza.

Siku nane baadaye nilikuwa nyumbani Chuno na malaria, nimejifunika blanketi adhuhuri, mama ananipikia uji. Wageni wa utafiti walikuja kutoka Dar es Salaam siku moja kabla ya ahadi. Bosi hakutaka kunisumbua. Akabonyeza kitufe, akachapa nakala sita, akazigawa mezani kabla hajasoma hata yeye.

Niliporudi kazini, wenzangu wa chumba cha fomu waliinamia fomu zao nilipopita. Bosi alikuwa na nakala yake mbele yake. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa mpangilio mzuri, herufi safi, ilianza sababu ya kazi, ikafuata kauli ya nesi, ikafuata "nimeapa kutomtaja", na chini yake "dawa ya kuchua ya mama".

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini, daktari?"

Hakunidanganya, na hilo nampa haki yake. "Ningekuwa na nafasi ya kufikiri," alisema. "Sasa wamesoma watu sita."

Nikamwambia kuhusu vichupa. Nikamwambia kuhusu mtu aliyezikwa mwaka juzi. Nikamwambia daftari lile ni bora kuliko fomu zetu zote, na kwamba tulistahili kumpa cheti. Sauti yangu ilikuwa imepanda, naambiwa ilisikika hadi dukani chini. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema anakubaliana na mimi, lakini kiboksi ni kiboksi, nesi amejaza uongo kwenye fomu ya serikali, na barua imeshakwenda wilayani.

Mimi nilipewa onyo. Sikufukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua vile vitu vitatu vimeshikanaje. Kitufe kilichomtoa nesi kituoni ndicho kilichoniweka mimi. Nilikaa na jambo hilo nikashindwa hata kulikasirikia, nilichoka tu. Uchovu ule sijui kama umeshaniondoka.

Nilikwenda mara moja kumwomba radhi. Nilimkuta anafunga vyombo, mihogo mikavu imejazwa kwenye magunia barazani. Alishajua. Nikaanza kueleza, kitufe, ukurasa wa mbele, malaria, na nikasikia nilivyokuwa nachekesha.

"Uliandika," alisema.

"Niliandika, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa wasije wakasema nimepika."

Alifunga kamba ya gunia. "Na mimi niliogopa," alisema. "Lakini wewe hukuona nimeandika jina la mtu kwenye daftari lile. Niliwapa namba tu." Ilikuwa kweli. Nilinakili kurasa zote arobaini na sikulitambua hilo. Hakunifukuza. Alinisaidia hata kuvuka dimbwi la mlangoni. Sikuweza kumtazama.

Nesi mpya alikuwa kijana wa kike, mpole, aliyefuata sheria kwa sababu alikuwa ameona kilichompata aliyemtangulia. Ramadhani iliyofuata ikafika. Fomu za kijiji kile zilinijia kila wiki, na niliziingiza mwenyewe, sikutaka mwingine aziguse. Wiki ya kwanza kulikuwa na wagonjwa tisa. Siku ya pili walikuja watano. Siku ya tano alikuja mmoja, mzee aliyekuwa Mkristo. Vilivyobaki ni viboksi vitupu, na nesi mpya ameandika kwa mwandiko mzuri: hakufika, hakufika, hakufika. Nilimpelekea bosi fomu mkononi. Alizisoma akiwa amesimama. Akaandika barua kwenda wilayani kuomba ruhusa ya kumeza nyumbani wakati wa mfungo, na naamini aliandika kwa moyo. Jibu lilikuja baada ya Idi.

Siku ya kutoa damu walikosekana wote isipokuwa yule mzee. Asiyetolewa damu hana nukta. Bosi alipobonyeza kitufe chake kwa ajili ya ripoti ya mwaka, grafu ilikuja nzuri kuliko zote tulizowahi kuchora, kila nukta karibu na mstari, hakuna iliyojitenga. Mgeni mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yake alisema kazi safi. Bosi alinitazama.

Kabla ya ripoti hiyo, wiki mbili baada ya Idi, nilipita Mikindani, ambako yule mama nesi alikuwa amehamia kwa dada yake. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa nesi mpya kwamba wawili kati ya wale waliokosa wamevuka mto, hawajulikani walipo, na mmoja, yule aliyekuwa akiamshwa daku na mama mkwe, amerudishwa zahanati na machela, anatema damu. Nilimkuta mama nesi amekaa ukumbini anamenya mihogo. Alikuwa amepungua. Nikamwamkia, akaniitikia, akanisogezea kigoda, na kwa muda tuliongea habari za miguu ya mama yangu.

Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Mfungo umekwendaje kule? Watu wangu wamemeza?"

"Wamemeza, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Na vichupa nani anaviangalia?"

"Nesi mpya. Kila asubuhi."

Akaacha kumenya. Uso wake ulifunguka, akasema Alhamdulillah, kumbe yule mtoto ana akili. Akachagua sufuriani muhogo mmoja mzuri uliokwisha kuchemka, akaupuliza, akanipa nile.